Mahindi Meupe ya Mama Maxine

Johana arap Tonui hakuwa chifu wala mzee wa mtaa, lakini kijijini kwetu, nje kidogo ya Sigowet, neno lake kuhusu shamba lilikuwa la mwisho. Heshima hiyo aliipata miaka ile ugonjwa wa mahindi ulipotoka upande wa Bomet ukafika huku. Wengine walisubiri. Johana aling'oa mahindi yake yote na kuyachoma, huku mkewe Chepkemoi akilia jikoni, kisha akapanda viazi. Waliosubiri walivuna magunzi matupu. Tangu hapo, jani likigeuka rangi kwa mtu, anaitwa Johana.

Ndivyo majirani walivyomwita mwezi wa tano mwaka juzi aende kuangalia shamba la Dorine.

Dorine, ambaye tulimwita Mama Maxine kwa jina la bintiye, alitoka upande wa ziwa. Mumewe, Ogada, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, na walinunua kipande chao hapa kabla Maxine hajazaliwa. Ogada alipokufa tulidhani mjane atarudi kwao. Hakurudi. Alilima peke yake, na mwaka huo aliweka mbolea ya kupandia maradufu, kwa sababu msimu uliopita hakupata hata magunia manne.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Majani machanga yalichomoza katikati yakiwa meupe kama karatasi. Yale yaliyokwisha kufunguka yalikuwa na michirizi mipana iliyopauka, pande zote mbili za mshipa wa kati. Mimea ilikuwa imedumaa.

Johana alichuma jani moja, akaliinua juani.

"Mama Maxine, hii ni ile ile. Ng'oa, uchome."

"Mzee, si tungoje kidogo? Ile ya zamani mlisema ilikuwa inakauka kutoka pembeni. Hii pembeni bado ni kijani."

"Ukingoja, utamaliza kijiji mzima."

Majirani walikuwa wamesimama nje ya ua. Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyepaza sauti. Lakini Dorine aliwatazama mmoja mmoja, na kati ya wote waliokuwa pale ni yeye tu ambaye hakuzaliwa hapa.

"Sawa," alisema. "Sitaki kuitwa ule mtu alileta ugonjwa."

Tuling'oa pamoja alasiri nzima. Mahindi mabichi hayashiki moto upesi, ikabidi Johana aagize mafuta ya taa. Aliwasha kiberiti yeye mwenyewe.

Siku tisa baadaye alikuta weupe ule ule kwenye shamba lake. Siku ya tatu, Chepkemoi akauona mwenyewe.

"Utachoma na hii?" aliuliza.

Johana aling'oa mashina mawili pamoja na udongo wake, akayafunga kwenye gunia, akaenda sokoni Sigowet kwa Molly, afisa wa kilimo. Molly aliyalaza mezani, akapitisha kidole kwenye jani.

"Nani amekuambia huu ni ugonjwa, Mzee?"

"Mimi mwenyewe."

"Huu si ugonjwa. Ni njaa. Udongo wenu hauna zinki ya kutosha, na nyinyi kila mwaka mnaongeza ile mbolea moja ya kupandia. Ikizidi, inazuia mmea kuchukua hata ile zinki kidogo iliyoko. Baridi na mvua nyingi ndizo zimemalizia."

Alimwandikia cha kununua kwenye duka la pembejeo: unga wa zinki, gramu mia moja kwa pampu ya lita ishirini, na chokaa kidogo ili majani yasiungue. Apulizie majani, arudie baada ya wiki mbili. Msimu ujao auchanganye na udongo kabisa wakati wa kupanda.

Johana alikunja karatasi, lakini hakuondoka.

"Na kama mtu alishachoma?"

Molly alimtazama. "Basi amechoma chakula."

Hazikupita siku kumi baada ya kupuliza, majani mapya yakatoka ya kijani. Shamba la Johana liko kando ya barabara, kwa hiyo kila mtu aliona. Dorine naye alipita hapo kila asubuhi akienda kuchuma majani chai kwenye mashamba ya watu, maana maharagwe aliyopanda juu ya majivu yalikuwa yameozea kwenye mvua. Johana akimwona anakuja, aliingia katikati ya mahindi na kuinama kama mtu anayepalilia.

Wiki tatu zilipita kabla hajapata moyo wa kwenda kwake. Alimkuta akianua nguo.

"Mama Maxine, nilikosea. Haikuwa ugonjwa."

"Najua. Napita hapo kila siku."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, Mzee?"

"Nikivuna nitakuletea nusu. Nusu kamili."

Dorine aliendelea kukunja nguo. "Maxine ametoka shule kwa kukosa karo. Yuko Ahero, anaoshea watu vyombo. Sasa utaniletea nusu ya nini?"

Johana alisimama pale hadi mvua ikaanza, kisha akaenda nyumbani.

Alipovuna, alipeleka magunia sita kwa mkokoteni. Dorine aliyapokea kwa sababu alihitaji kula. Hakushukuru wala hakulalamika. Machi iliyofuata, Johana alikwenda na zinki, akaichanganya na udongo wa Dorine kwa jembe lake mwenyewe, shimo kwa shimo, na mahindi yakatoka mazuri kuliko yote kijijini. Maxine hakurudi. Wenzake wa darasa wamefanya mtihani wa mwisho wakamaliza.

Siku hizi mtu akimletea Johana jani lililogeuka rangi, hata halishiki. "Peleka kwa Molly," anasema, na kuendelea na kazi yake. Kanisani, tunapoambiwa tusalimiane, Dorine humpa Chepkemoi mkono, kisha huupeleka kwa mtu aliye nyuma ya Johana.