Zamu ya Kunuti

Tangu aanze kulea watoto wa watu katika bweni la madrasa, Mwalimu Taratibu hakuwahi kuwaona wakipigana kwa sababu ya swala, hadi mwaka ule. Jina hilo walimpa wanafunzi wenyewe, maana hata mtu akijikwaa yeye humwambia, "Taratibu."

Chanzo kilikuwa kunuti, ile dua ya swala ya alfajiri, isomwayo wima baada ya rukuu ya mwisho. Yeye, mkuu wa madrasa, aliisoma kila siku, mikono juu, kama alivyofunzwa na baba yake. Ustadhi kijana aliyeajiriwa karibuni hakuisoma, naye alikuwa na walimu wake. Basi wanafunzi waliompenda ustadhi wakaanza kuswali naye kwenye baraza ya msikiti, karibu na rafu ya viatu. Msikiti mmoja, maimamu wawili. Ikafika siku mtoto wa safu ya nyuma alisikia takbira ya barazani, akarukuu wenzake wakiwa wamesimama. Salamu ilipotolewa tu, wakamwita kinyonga. Ngumi zikaanza.

Shemeji yake Mwalimu Taratibu, mwenyekiti wa kamati ya madrasa, akaja na neno moja: ustadhi afukuzwe, la sivyo mwalimu mwenyewe aondoke.

"Shemeji, ukimwachia huyu, kesho atatung'oa ndevu."

"Zangu chache, hatachoka." Kisha tabasamu likatoweka usoni mwake. "Simfukuzi. Nitakuwa nimewafundisha watoto kwamba anayetofautiana nawe dawa yake ni kumfungashia virago."

Hofu alikuwa nayo. Nyumba anayoishi na mkewe ni ya madrasa, na ya madrasa ni ya kamati. Lakini kuna jambo ambalo mtu akilikubali, hata akibaki na paa, hana tena pa kukaa.

Akamwita ustadhi, akamweleza uamuzi wake: swala ya jamaa iwe moja, uimamu kwa zamu, na zamu ya kwanza ni ya ustadhi.

"Na wewe utanifuata bila kunuti, mwalimu?"

"Imamu hufuatwa."

Alfajiri ustadhi akasimama mbele. Mwalimu Taratibu akawa nyuma yake, shemeji ubavuni. Rakaa ya pili wakainuka kutoka kwenye rukuu. Mikono ya mwalimu, iliyozoea kupaa, ikabaki mapajani. Ustadhi akaenda sijida, mwalimu akamfuata. Nyuma yao bweni zima likashuka kwa kishindo kimoja, halafu, kwa kuchelewa, goti la shemeji.

Nje, mwenyekiti alivaa viatu bila kumtazama.

"Nitarudi na kamati."

"Karibuni," akasema Mwalimu Taratibu. "Ila njooni alfajiri. Safu ya mbele ina nafasi."