Vidole Visivyo na Mistari

Niliisikia kazi yangu kabla sijaiona. Asubuhi ya kwanza pale Ngara ukungu ulikuwa umekalia kilima, na nilipofika mbele ya mlango wa chumba cha wagonjwa wa ngozi hospitalini nikasikia ndani sauti kavu, krr, krr, krr, kama panya walioingia kwenye mahindi. Niliposukuma mlango nikaona benchi mbili za watu wanaojikuna. Waliacha wote kwa pamoja, wakanitazama, kisha wakaanza tena.

Mkuu wangu alikuwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya, mzee mwembamba mwenye koti lililopauka mabegani.

"Umeogopa, binti?"

"Hapana, daktari."

"Muongo. Lete mkono."

Akatoa kijitabu cha karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu. Aliulowesha mkono wangu kwa maji, akabandika kipande. Kikawa njano inayoelekea chungwa.

"Tano," alisema. "Ngozi ya mtu ni chachu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Huo uchachu ndio mlinzi wako."

Kisha akanipaka sabuni ya kufulia, akanisuuza, akapima tena. Safari hii karatasi iligeuka kijani iliyokolea.

"Sabuni imemfukuza mlinzi. Ukiiacha ngozi ipumzike, atarudi baada ya saa chache. Ukinawa tena kabla hajarudi, na tena, na tena, nyumba inabaki wazi. Inakauka, inapasuka, inawasha, na vijidudu vinaingia."

Nilifanya kazi chini yake miaka saba. Hakuwahi kuandika dawa kabla ya kuuliza maswali matatu: unaoga na nini, mara ngapi, na ukimaliza unapaka nini. Nilipohamishiwa Biharamulo, Muuguzi Mkuu wa Wilaya alizicheka karatasi zangu. "Nesi, hapo unapima ngozi au unapiga ramli?" Hata hivyo alikuwa akinitumia wagonjwa wake kimya kimya. Kituo changu cha mwisho kilikuwa zahanati huko Nyabusozi, chini ya Mganga Mfawidhi kijana, rika la kitinda mimba wangu, aliyeniita mama na kuniacha nifanye nilivyozoea.

Huko ndiko nilikofanya kosa ninalotaka ninyi mnaoanza kazi leo mlijue.

Wakati wa ule ugonjwa uliomfanya kila mtu anawe mikono, nilitumwa kuwafundisha akina mama kutengeneza sabuni ya mche kwa mafuta, maji na kostiki, ile chumvi kali inayounguza. Kesho yake sabuni iliganda, tukapiga makofi. Sikuwaambia jambo moja: sabuni ya namna hiyo hukatwa na kuanikwa kivulini wiki nne hadi sita ili ukali upungue. Nilisahau tu.

Aliyeshika somo kuliko wote alikuwa Kabula, mjane aliyeletwa na mwanawe Masanja kutoka Shinyanga aje kuishi kwake. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikoroga, akakata, akapanga, mikono mitupu.

Siku moja alikuja wakala wa laini za simu na kimashine chake cha alama za vidole. Kabula alitaka laini aongee na dada yake aliyebaki Shinyanga. Kitambulisho alikuwa nacho, alikipata huko miaka iliyopita. Akaweka kidole cha kwanza. Mashine ikakataa. Akaweka vyote kumi. Ikakataa vyote kumi.

"Alama hazilingani," wakala alisema, akacheka. "Bibi, mwenye kitambulisho hiki ni mwingine. Wewe ni nani?"

Watu waliokuwa pale nao walicheka. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa anacheka. Ilisemwa kwamba Kabula wa kweli alizikwa Shinyanga, na aliyekaa kwa Masanja ni msukule, mfu anayetembezwa.

Wiki tatu baadaye nilikwenda nyumbani kwa Masanja. Kabla ya kupiga hodi nikaisikia: krr, krr, krr. Masanja, mkewe Sesilia na watoto walikuwa sebuleni wanajikuna, mikono imekuwa myekundu na kupasuka. Kabula alikaa peke yake karibu na mlango.

"Shikamoo nesi," Masanja alisema. "Kila anayeguswa na huyu anawashwa."

"Huyu nani?"

"Huyu."

Hakumwita tena mayu, kama Msukuma anavyomwita mama yake.

"Na mkiguswa mnafanya nini?"

"Tunanawa," alisema Sesilia. "Mara tatu, mara nne. Tunasugua kabisa."

Akanionyesha sabuni. Ilikuwa ya Kabula, iliyokatwa juzi. Niliilowesha, nikagusisha karatasi, ikawa buluu karibu na nyeusi. Nikapima mikono yao: buluu. Kadiri walivyomwogopa ndivyo walivyonawa, na kadiri walivyonawa ndivyo walivyowashwa, wakazidi kumwogopa.

Kisha nikamshika Kabula, nikavielekeza vidole vyake kwenye mwanga. Ncha zilikuwa laini, zinang'aa kama kokoto za mtoni. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Najua kostiki inavyokula ngozi, lakini nywele zilinisimama.

Akaninong'oneza, "Nesi, niambie wewe uliyesoma. Mimi ni mzima?"

Jumamosi kitongoji kilikutana kuamua siku ya kumwondoa. Nilisimama nikasema kosa ni langu, nikaeleza kila kitu.

"Basi mchawi ni nesi!" mtu alipaza sauti, watu wakacheka.

"Unataka nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Mwezi mmoja bila kostiki, mistari ya vidole iote upya, kisha wakala arudi na mashine yake."

Walinipa. Nilizifungia sabuni zote kabatini zahanati. Niliwaagiza watu wa nyumba ile wawe wananawa kwa maji matupu, sabuni laini kidogo tu penye uchafu, wajikaushe kwa kugusagusa bila kusugua, na wapake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Kabula asiguse kostiki kabisa. Kila wiki nilipima. Karatasi yake ilitoka buluu ikawa kijani, ikawa njano. Wiki ya pili nyumba nzima iliacha kuwashwa. Bado Masanja alimwekea mama yake sahani mlangoni.

Sasa nimestaafu, nimerudi Ngara. Wasichana huja kuniuliza kuhusu ndimu, magadi, krimu za kung'arisha uso. Nawaambia waache kusugua. Ngozi inajitengenezea uchachu wake yenyewe, inachoomba ni kuachwa. Asubuhi nyingine najipima mkono, napata njano ileile ya siku ya kwanza. Lakini kabla ya kujipima, navipeleka vidole vyangu dirishani nikavitazama.

Maana siku ile ya mashine sijaisahau. Tulijaa katika ofisi ya kitongoji. Kabula akaweka kidole cha shahada. Mashine ikakataa. Nyuma yangu mtu akaanza kujikuna, kisha mwingine, na hakuna aliyekuwa akiwashwa tena. Akaweka cha kati. Ikakataa. Akakifuta kidole gumba kwenye kitenge, akakiweka, akafumba macho.

Mashine ikalia kidogo. Wakala akainama, akasoma jina lote mpaka la ukoo.

"Ndiye," alisema.

Kujikuna kukakoma.

"Mayu," Masanja aliita. "Mayu, twende nyumbani."

Kabula hakugeuka. Alingoja laini iwashwe, akanipa simu yake na karatasi yenye namba ya dada yake nimpigie, kisha akaichukua, akaiweka sikioni.

"Ni mimi, Kabula," alisema. Akasikiliza. "Ndiyo. Ni mimi mwenyewe. Nakuja huko."

Akachukua fungu lake la nguo, ambalo hatukuwa tumeliona alipoingia nalo. Akapita katikati yetu. Safari hii hakuna aliyeuondoa mkono wake. Yeye ndiye aliyejikunyata asije akaguswa. Kwenye kizingiti alisimama kidogo, akaushika mlango kwa vidole vyote, akauvuta nyuma yake taratibu mpaka ukafunga.