Msaidizi Niliyemwachia Zamu za Falaji

Tulipohamia Ibra mke wangu aliniambia wazi: akifungua masanduku safari hii, hayafungi tena. Alikuwa na haki. Toka Tabora nilikozaliwa nimeishi Dar, Muscat, Samail na Nizwa, na kila mahali nilikumbuka mvua ya kwetu mpaka nikashindwa kukaa.

Kazi iliyotuweka Ibra ilikuwa ya falaji, mfereji unaoyapa maji mashamba ya mitende kwa zamu. Msimamizi wake, mzee aliyezaliwa Unguja, alitaka programu ya kuwatumia wenye mashamba ujumbe zamu zao zikikaribia. Mimi ni wa kidato cha nne; kompyuta nimejifunza kwa kuharibu. Programu ilipokua ikanishinda. Zamu ziligongana, watu wakalalamika, na mzee akaanza kuitaja kampuni moja ya Muscat.

Nikamwomba nitumie akili mnemba inisahihishie programu. Akakataa.

"Nani ana maji kiasi gani ni siri ya majumba ya watu. Haitoki kwenda kwa Wazungu."

"Nitaiweka ndani ya kompyuta yangu, Ami. Intaneti nitaikata."

"Basi ikae humo. Na wewe ukae nayo."

Nikaijenga kwenye kompyuta ya mtumba: modeli ya akili mnemba niliyoipakua, na dirisha jeusi la kuandikia amri. Kwa joto la Julai ilizimika kila mara, nikaihamishia chumbani chini ya kiyoyozi. Mlio wake ukamtoa mke wangu, akalala sebuleni.

"Umeoa tena," alisema.

Kila badiliko iliniomba ruhusa. Mwanzo nilisoma kila mstari. Simu za malalamiko zilipozidi, nikairuhusu iandike bila kuniuliza.

Mzee alikuwa amenitajia zamu kwa saa zetu, saa moja ya usiku ikiwa baada ya magharibi, nami niliziandika vivyo hivyo. Modeli ikazisoma kama ilivyofundishwa: saa moja ni baada ya usiku wa manane. Ikazisogeza zote saa sita mbele. Majaribio yote yakapita.

Mjane mmoja alifuata ujumbe wetu, akakuta maji yake yameshakwenda kwa jirani. Falaji hairudishi, alingoja mzunguko mzima. Miche yake ya ndimu ikakauka.

Mzee alikuja baada ya alasiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanywa kahawa, akasifu tende.

"Mwanangu, tutarudi tulivyokuwa. Mtu ataenda kuwagongea milango."

"Ami, nipe wiki moja. Kosa nimeliona."

"Wewe umeliona. Yule bibi ndiye alolipata."

Alipoondoka niliandika: rudisha saa zote. Ikaniomba radhi kwa adabu, ikarudisha nusu, nusu ikaiacha. Nikaandika tena. Ikaomba radhi tena. Nilikuwa nikiisihi kama mtu, na mzee hata jibu hangojei.

Kazi nyingine iliyopatikana ilikuwa ya ghalani, Sur, mji wa pwani, na kulala huko huko. Mke wangu alikunja kanzu zangu moja moja, akapanga kofia juu yake. Upande wangu wa kabati ukabaki mtupu. Wake hakuugusa. Nilitaka kumuuliza, nikaogopa jibu.

"Gari za Sur zinajaa mapema," alisema, akanikabidhi sanduku.