Bunduki ya Fundi Saa

Jirani yangu fundi saa alinunua bunduki kuukuu ya kuwindia, mtutu una kutu na kitako kimepasuka, na tangu hapo uani kwao hakukaliki kwa vumbi la msasa. Kila alipomaliza kusugua mahali alipapuliza, akapapapasa kwa kidole gumba huku amefumba macho, kisha akaguna, "Bado kidogo." Hiyo bado kidogo yake ilikula msimu mzima. Kutu ikaisha, kitako kikaunganishwa, komeo la kusukumia risasi likawa linateleza kimyakimya, na juu yake akafunga darubini mpya. Mkewe kwa furaha akawaalika wazazi wake, akawaahidi nyama ya porini.

Asubuhi ya siku waliyotarajiwa tukaenda kuwinda, fundi, mkewe na mimi. Haukupita muda, swala akajitokeza peupe. Fundi akalala kifudifudi, akalenga. Mimi nikaziba masikio.

"Piga basi, baba!" mkewe akanong'ona.

Badala ya kupiga, fundi akavuta komeo, akatoa risasi zote, akampisha. "Njoo uone kope zake."

Mama wa watu akalala, akachungulia kwa jicho moja, akatulia muda mrefu hata nikaona wivu. Swala akatikisa masikio, akaenda zake.

"Mume wangu, si ungenunua darubini peke yake?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa.

"Na wageni je?" nikauliza.

"Watakula maharage," mkewe akajibu bila kubandua jicho. "Hebu nyamaza, kuna mwingine anakuja na mtoto wake."