Onja Weye Kwanza

Juzi nilikwenda kumwona nkambo wangu katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista, na kabla hata ya kumsalimia nilipitia jikoni kunusa vyungu. Usinicheke. Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alitulea tumtilie shaka mtu yeyote anayekutengea chakula huku akitabasamu. Sista wa zamu alinifuata, uso umechoka.

“Nkambo yako anakatala bukari,” aliniambia. “Tunamupikia muzuri, yeye anatuangalia tu. Docteur anasema akibakia vile, atakufa.”

Sikumwamini. Bukari, ugali wetu, ilikuwa laini, na fretin, vile visamaki vikavu, vilikuwa vimekaangwa kwa nyanya. Nani angekataa? Labda walimwonyesha sahani wakaila wenyewe. Niliwaza mengi mabaya pale jikoni, na hata sasa sijayafuta yote.

Harufu ile, rafiki yangu, ilinirudisha utotoni, Kasungami. Asubuhi nkambo aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, uani, nasi watoto tulichuma mboga za lengalenga zikiwa bado na umande. Jioni alisonga bukari mwenyewe, mwiko ukigonga chungu, akiimba nyimbo za kanisani kwa Kiluba. Ilikuwa raha, nakwambia. Lakini mtu akileta chakula kutoka nje, wimbo ulikatika. Aliyekileta alilazimika kuonja kwanza mbele yake, na ameze. Jirani alionja. Shangazi alionja kwa hasira. Padri alileta keki ya Noeli, akaonja huku akicheka, na nkambo hakuliondolea macho koo lake.

Sababu alitusimulia mara moja tu, akichambua mboga. Alipokuwa akikimbia vita huko Mitwaba pamoja na mdogo wake, watu wa njiani waliwakaribisha kwa tabasamu, wakawapa muhogo. Mdogo wake ndiye aliyekuwa na njaa zaidi, akatangulia kula. Hakuiona asubuhi. Kama muhogo ulitiwa sumu au haukulowekwa vizuri, nkambo hakubaki kuuliza.

Mimi peke yangu sikuonjeshwa. Nikimpelekea kitu alipokea akala papo hapo, hata vitumbua vyangu vilivyoungua. “Huyu iko mukono yangu,” aliwaambia wenzangu, nami nikavimba kichwa mtaa mzima.

Basi nilijua la kufanya. Nilimwomba sista sahani, nikaingia nayo chumbani nikitabasamu. Nkambo alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, uso mlangoni. Nilimega tonge, nikamnyooshea kama zamani.

Hakulipokea. Alinitazama usoni, kisha mkononi, kisha usoni tena.

“Onja weye kwanza,” alisema. “Nikuone unameza.”

Nilionja. Tonge lilishuka, naye akalifuata kwa macho mpaka likapita. Aliporidhika alianza kula, akamaliza sahani yote.

“Kumbe ni vile tu!” sista alisema mlangoni, akipiga makofi. “Kesho mi mwenyewe nitaonja.”

Nilimshukuru, na safari hii nilimwamini. Nkambo ataishi. Kisha nikageukia dirisha nifute macho, kwa sababu sasa na mimi ni mmoja wa wale watu wa njiani.