Kikwembe Sakafuni

Katika klabu yetu ya kusema hadharani hakuna kosa baya kuliko kumsahau mtu kwenye salamu. Unaweza kusahau hotuba nzima, watakuhurumia. Lakini ukimruka katibu, utanuniwa mpaka Pasaka. Kijana mmoja alimruka, na kwa majuma matatu katibu alimwandika kwamba hayupo, na mwenyewe amekaa mbele yake. Ndivyo tulivyo hapa Goma. Hata kwenye ubatizo wa mtoto, anayetaka kusema "karibuni chakula" anaanza kwanza kusalimia vyeo vyote, na chakula kinapoa.

Sheria ya pili ni dakika tano. Msichana anayetunza saa ana vikombe vitatu vya plastiki: cha kijani, cha njano na chekundu. Chekundu kikiinuka, ukumbi mzima unapiga makofi mpaka ukae, hata kama neno limekufikia nusu mdomoni. Ni makofi ya kukufukuza kwa adabu. Ukiongeza kitu baada ya hapo, hotuba yako inafutwa.

Jumamosi ile mada ilikuwa ujasiri wa kila siku, na kila mwanachama aliruhusiwa kuleta mgeni. Mimi nilimleta mama. Nilipojiunga na klabu waliniuliza wazazi wanafanya kazi gani, nikasema mama yuko katika import. Samaki wanatoka ziwani, wanaingia soko la Birere. Kama hiyo si import, basi sijui. Ukweli ni kwamba mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ndani ya beseni, tangu kabla sijazaliwa. Beseni hilo ndilo lililonisomesha. Na mimi nililionea haya, mpumbavu mkubwa.

Haya hiyo ilikuwa imenichosha. Hotuba yangu ilikuwa na sentensi moja ya maana, zilizobaki zote mapambo: mtu jasiri kuliko wote ninaowajua ni mama yangu, muuza sambaza wa Birere, na mimi niliwaficha jambo hilo. Nilitaka kuisema yeye akiwa pale, anasikia. Mbele ya kioo nilikuwa nimeisema mara ishirini bila shida yoyote.

Rais wa klabu, mwanafunzi wa sheria mwenye tai iliyomfika chini ya mkanda, aliomba kila mmoja asimame amtambulishe mgeni wake. Wenzangu wakasimama. Mimi nikabaki nimekaa. Nilijiambia nitamtambulisha ndani ya hotuba, itapendeza zaidi. Uongo mtupu. Niliogopa. Mama alikuwa nyuma, karibu na mlango, amejifunga vitenge viwili, kikwembe juu ya kikwembe, beseni tupu chini ya kiti, anaangalia mbele kana kwamba hakusikia ombi hilo.

Wa kwanza kusema alikuwa kijana aliyeeleza ujasiri wa kumwambia dereva wa pikipiki aendeshe polepole. Alieleza kila kona, kila shimo. Kikombe chekundu kikainuka, akafukuzwa kwa makofi kabla pikipiki yake haijafika. Watu walicheka, na mama alicheka pamoja nao. Kisha msichana mmoja akaeleza ujasiri wa kuomba ugali mara ya pili kwa wakwe. Alimaliza kwa wakati, jambo lililoniudhi.

Zamu yangu ikafika. Nikamwona mama, nikakimbilia kwenye salamu. Nilimsalimia Bwana Rais, nikamsifu kwa hekima. Nikamsalimia makamu wake, nikamsifu kwa unyenyekevu ambao, kusema kweli, hana. Katibu nilimpa sentensi tatu kwa usalama wangu. Nikasalimia majaji, nikasalimia wanachama wa zamani, kisha wapya, kisha wale waliosafiri. Nikamkumbuka muzee anayetunza ufunguo wa ukumbi, nikamshukuru yeye na ufunguo. Kikombe cha njano kikainuka. Nikamsalimia msichana wa vikombe. Ndipo hofu ikanishika kwamba nimemsahau muzee wa ufunguo, nikamsalimia upya. Nikavuta pumzi, nikasema, "Na mutu jasiri ambaye…"

Chekundu.

Makofi yakalipuka. Nilikuwa nimesalimia watu wote wa ukumbi ule isipokuwa mmoja, na ndiye niliyemleta. Nilibaki nimesimama, mdomo wazi, sijui niweke uso wangu wapi.

Basi mama akainuka. Alikuja katikati ya viti, akafungua kikwembe chake cha juu, akakitandika sakafuni mbele yangu nipite, kama wamama wanavyomtandikia askofu au bibi arusi. Harufu ya sambaza ikapanda. Makofi yakakatika.

"Mama, samahani," akasema rais. "Uko mugeni wa nani?"

Mama aliniangalia mimi tu. Msichana wa vikombe naye hakukishusha kile chekundu.

"Ni mama yangu," nikasema. "Anauzishaka sambaza ku Birere. Ile import, nilibadanganya."

Nikakanyaga kikwembe, nikapita. Makofi yakarudi, na safari hii sikujua ni ya aina gani. Msichana wa vikombe aliandika kwenye daftari lake kwamba hotuba yangu imefutwa. Alipiga mstari chini yake, kwa rula.

Tulirudi kwa miguu, mama kikwembe chake begani, mimi nimebeba beseni kwapani.

"Ule muzee wa ufunguo," akaanza mama, "juu ya nini ulimusalimia mara mbili?"

"Nilisahau kama nilimusalimia."

"Alifurahi sana."

Nikaona nimweleze, kabla hajaenda kujisifu kwa majirani. "Mama, yale makofi hayakukuwa ya kunisifu. Balikuwa bananifukuza."

"Najua. Si niliona namna balifukuza ule wa pikipiki?"

Nikasimama. "Sasa kikwembe ilikuwa ya nini?"

"Nilikuona wakati balikuwa banauliza bageni. Ulikuwa unaogopa. Nikasema mu roho, mutoto yangu ameshindwa kunifikia, acha nimupatie njia."

Alikuwa ametangulia hatua kadhaa, anakung'uta kikwembe vumbi. Mbele yetu Birere ilikuwa imejaa, na wenzangu wawili wa klabu walikuwa wanashuka barabara hiyohiyo. Nikalitoa beseni kwapani, nikaliweka kichwani, na nikapita nalo Birere yote mpaka nyumbani.