Maziwa ya Waosha Matangi

Anayeingia ndani ya tangi la petroli huingia bila viatu. Nililijua hilo kabla hata sijamaliza kupanga meza kwenye kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi, pale Gumbo, nje kidogo ya Juba, kando ya barabara ya Nimule. Kiatu chenye msumari kikikwaruza chuma kinaweza kutoa cheche. Kwa hiyo mwoshaji huvua viatu, huvua saa, humwachia mwenzake simu, kisha hujikunja na kupita kwenye mdomo wa tangi ulio juu ya lori. Anashuka na ndoo ya plastiki, matambara na kipande cha ubao. Huko ndani anachota mafuta yaliyobaki, anakwangua tope, anapangusa. Mafuta anayoyachota ni yake. Ndiyo maana watu huigombania kazi hiyo.

Kabla ya kushuka, anakunywa maziwa. Pakiti nzima, akiwa amesimama kwenye ngazi ya lori. Wanaamini kwamba maziwa hutandika kifua, petroli ikiingia inateleza na kupita. Wapaka rangi wanaamini hivyo, mafundi wa kuchomelea wanaamini hivyo, na nimemsikia mtu aliyesomea uuguzi akisema hivyo bila aibu. Maziwa huenda tumboni. Mvuke wa petroli huenda mapafuni. Nimeusema ukweli huo mara nyingi hadi nikachoka kuisikia sauti yangu.

Akishaingia, walio juu humuuliza maswali naye hujibu. Ni njia yao ya kujua kama bado yu hai. Shida ni kwamba petroli hulevya. Baada ya muda majibu hugeuka vituko: anaimba, anawatukana wakwe zake, anamposa mke wa mwenyekiti. Wapita njia husimama kusikiliza. Nimewaona akina mama wakishusha beseni zao za mboga ili wamfurahie mtu anayekosa hewa. Siku moja hata mimi nilicheka. Nalisema hili mapema, nisije nikaonekana nimeliruka.

Baraza letu la usalama kazini liliundwa baada ya karakana mbili kuungua kiangazi kimoja. Wazo lilikuwa zuri. Wenye gereji, wachomeleaji, wenye mashine za kusaga na waosha matangi wangekaa pamoja kila mwezi, waangalie nini kinaumiza watu, wakubaliane. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye uwanja wa kuegesha malori na gereji ya matairi, mtu aliyerudi kutoka Uganda baada ya miaka mingi ya ukimbizi, mpole, mwenye mashati yaliyopigwa pasi. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu nilikuwa na kompyuta. Muhuri wa baraza ulikaa kwangu, kwenye droo.

Katika mkutano wa pili nilipendekeza kwamba mtu yeyote asiingie ndani ya tangi kabla halijapulizwa hewa. Kompresa ya gereji ya mwenyekiti ilikuwa hatua thelathini kutoka mahali malori yalipoegeshwa, na mpira wake ulikuwa mrefu. Tangi lipulizwe asubuhi nzima, mtu aingie mchana, afungwe kamba kiunoni. Nilikuwa nimeyachapa vizuri, kila mjumbe na nakala yake.

Mwenyekiti alinishukuru. Akasema malori hayawezi kusubiri asubuhi nzima, na kompresa ni ya matairi. Mjumbe mwingine akauliza kwa nini tusianze na jambo ambalo wafanyakazi wenyewe tayari wanalikubali. Wote wakaonekana kupata nafuu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya baraza ikawa: kila mwosha tangi apewe maziwa kabla ya kuingia, na mwenye lori ndiye atakayetoa. Kamba waliisahau wakati wa kunywa soda.

Niliiandika kanuni hiyo. Niliipiga muhuri. Nilichapa bango lenye picha ya glasi ya maziwa, likabandikwa kwenye lango la uwanja, na wageni wa shirika moja walipokuja kutuona walipigwa picha mbele yake. Kila wiki nilipita na karatasi yangu ya ukaguzi, kwenye safu ya maziwa nikaweka alama ya ndiyo. Tulisifiwa kwa kuweka kumbukumbu safi.

Mwosha tangi hodari kuliko wote alikuwa Mganda mmoja mwembamba, mwenye mabega yaliyopita kwenye mdomo wa tangi bila kujikunja. Mkewe alipika chapati na chai mkabala na kibanda changu. Asubuhi moja alikuja kwangu akiwa bado na unga mikononi.

"Dada, mimi iko na swali," akasema. "Ile maziwa inasaidia kweli? Bwana yangu anakohoa usiku, lakini anasema baraza imepitisha."

Nilijua jibu. Nikamwambia kwamba baraza linaendelea kulishughulikia. Alinitazama kidogo, kama mtu aliyerudishiwa chakula kilichochacha, kisha akarudi kwenye kikaango chake.

Siku ya ajali jua lilikuwa kali na bati la tangi lilichoma mkono. Lori lilikuwa la dereva Mkenya aliyetaka kuvuka mpaka kesho yake. Mume wa mama chapati alikunywa pakiti mbili kwa sababu ya joto. Nilikuwa chini na karatasi yangu, nikaweka alama.

Akashuka. Walio juu wakaanza maswali yao. Huko ndani kukoje? Mimi iko sawa. Umeona nini? Nimeona harusi ya mwenyekiti, mke ya pili. Watu wakacheka. Mwenyekiti mwenyewe, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha mkeka, alitabasamu na kutikisa kichwa. Likaja jibu jingine ambalo halikueleweka, kisha kicheko, na watu wakakifuata kicheko hicho na chao. Kiliendelea. Sasa hakikuwa na maneno yoyote, kilikuwa kama mtu anayejaribu kusafisha koo. Watu bado walikuwa wanacheka.

Dereva ndiye aliyeinua mkono. "Wazee, huyo haongei. Anacheka tu."

Halafu kicheko kikakatika.

Hapakuwa na kamba. Kijana mmoja mwenye nguvu alivua shati na viatu akaanza kupanda ngazi, na mama chapati, ambaye sikumwona akivuka barabara, akamshika suruali kwa nyuma kwa mikono yote miwili.

"Hakuna mtu anaingia," akasema. Hakupiga kelele. "Wewe utalala juu yake. Leta upepo."

Ilikuwa ni kuvuta mpira na kuwasha mashine, basi. Dakika chache. Mpira wa kompresa ile ile ya matairi ukaingizwa mdomoni mwa tangi, mashine ikanguruma, hewa ikaingia. Dereva alilala kifudifudi juu ya tangi na mti wake mrefu wenye ndoano ya shaba, ule wa kuvutia mpira wa kupakulia mafuta, akaanza kupapasa gizani. Alimpata kwenye mkanda wa suruali. Wakamvuta wanaume wanne, akakwama begani, wakamgeuza, akatoka.

Walimlaza mchangani akiwa wa rangi ya majivu. Alipovuta pumzi ya kwanza alitapika, maziwa yaliyoganda pamoja na petroli, juu ya miguu ya mkewe. Harufu hiyo siwezi kuieleza na sitaki kujaribu. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, kwa Kiarabu cha Juba, kalas, yamekwisha, amepona. Mwingine akasema unaona, maziwa yametoa sumu.

Baraza lilikutana siku ya tatu. Nilikuwa nimeandika taarifa ya ukurasa mmoja: alikunywa nini, aliingia saa ngapi, alinyamaza baada ya dakika ngapi, ni nini kilichomwokoa. Mwenyekiti aliisoma hadi mwisho, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya chupa yake ya soda. Akasema kwa upole kwamba taarifa ni nzuri lakini haijagusa chanzo. Chanzo, kwa maoni yake, ni kwamba maziwa ya pakiti ni mepesi. Yamechanganywa na maji. Wajumbe wakakubali kwamba kuanzia sasa yatumike maziwa halisi, ya ng'ombe aliyekamuliwa asubuhi.

Niliuliza kuhusu kompresa. Mwenyekiti akasema, "Binti yangu, hiyo ilikuwa dharura." Akaniomba niandike azimio.

Nilitazama meza nzima. Watu sita, wawili wao wachomeleaji wenye makovu mikononi, na hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye sahani ya karanga. Nikaandika azimio lao, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaenda nyuma ya uwanja kutema mate.

Jioni hiyo mama chapati alikuja tena. Mumewe alikuwa amelala nyumbani, kifua kinapiga filimbi, na alikuwa amekwisha kuitwa: Jumatatu kuna tangi, na maziwa ya ng'ombe yatakuwepo. Alisema ataenda. Mkewe alikuwa amemlilia, amemtolea nguo ile iliyotapikiwa amwonyeshe, lakini mume akamjibu kwamba mke si mkubwa kuliko baraza.

"Ananiambia mimi niko mwanamke wa chapati," akasema. "Anataka karatasi. Basi mpe karatasi."

Safari hii sikusema kwamba tunalishughulikia. Nilikaa nikachapa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: ni marufuku kuingia ndani ya tangi la mafuta ambalo halijapulizwa hewa, maziwa ya aina yoyote hayazuii mvuke, asiyefungwa kamba asiingie. Sikuandika kwamba baraza limeazimia, kwa kuwa halikuazimia. Niliandika jina la cheo changu tu, katibu. Kisha nikafungua droo na kuupiga muhuri chini yake. Nilimsomea mama chapati polepole, mara mbili, akaikunja na kuitia kifuani.

Jumatatu mumewe hakwenda. Nilitarajia kufurahi. Kilichonijia kwanza kilikuwa karaha, kwa sababu mtu huyo alikuwa hajaliamini koo lake, wala mapafu yake, wala mke aliyeoga matapishi yake, akaja kuamini duara la wino wa bluu. Duara hilo hilo ndilo lililomwingiza ndani mwanzoni, na lilikuwa langu.

Saa nne mwenyekiti alisimama mlangoni pangu. Hakukasirika. Alisema amesikia habari za karatasi yangu na kwamba nimewachanganya watu, akanyoosha mkono, nikampa muhuri. Uwanjani tayari mwoshaji mwingine alikuwa kwenye ngazi, na kikombe cha plastiki mkononi. Huyo alitoka mzima siku hiyo. Nililiona kwa macho kwa sababu sikuondoka dirishani hadi alipotoka, akitembea kama mlevi, na watu wakimpigia makofi.

Mchana mama chapati alivuka barabara na ile karatasi. Ilikuwa na madoa ya mafuta ya kupikia. Alitaka nakala, moja kwa kila mke wa mwosha tangi. Alikuwa amewahesabu njiani, wako tisa.

Nilimwambia muhuri umechukuliwa.

"Si uko hapa?" akasema, akiugusa pale kwenye karatasi kwa kidole chenye unga.

Nikaiweka karatasi kwenye kioo cha mashine. Nakala zilitoka moja moja, za moto, muhuri ukiwa mweusi badala ya bluu. Aliziinua akazitazama, akauliza kama mwenyekiti ataweza kuona tofauti. Nikamwambia ataiona.

"Aone," akasema, akazichukua zote tisa.